Karakana ya Hadithi: Mhusika Wako Anapumua Vipi?

Hapa ndipo tunapofungua hadithi zetu kama fundi anavyofungua mashine, tuone nini kimekatika.

Safari hii mashine mbovu ni yangu mimi. Kwenye mkutano uliopita wa klabu nilisoma sura ya kwanza ya hadithi yangu. Mhusika wangu, Salum, ni kijana wa Ibra anayejificha chini ya ardhi kwa mwezi mzima. Nilimjengea nyumba ya fahari: chumba kikubwa, taa ya mafuta, rafu ya vitabu, na zulia la Kiajemi. Nilipomaliza nikangoja makofi. Mwenzetu mmoja wa Sur akauliza, "Anapumua vipi?" Sikuwa na jibu. Mwengine wa Nizwa akaongeza, "Na moshi wa hiyo taa unatokea wapi?" Mwalimu akacheka, na mimi nikajua nimekwisha.

Mwisho wa wiki nikarudi nyumbani Ibra nikaanza upya. Haya ndiyo niliyoyapata, huenda yakakufaa na wewe.

Kwanza, tazama waliokwisha kuchimba. Sisi tumekulia juu ya kazi yao bila kuitazama. Falaji Daris ya Nizwa ni miongoni mwa falaji tano za Oman zilizoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, pamoja na Al-Jeela ya upande wa Sur. Wazee husema falaji za kwanza zilichimbwa na majini wa Nabii Suleiman bin Daud, na ndiyo maana zile za chini kwa chini huitwa daudi. Falaji ya namna hii huanzia kwenye kisima mama, kisha maji hufuata njia iliyochimbwa chini ya ardhi yenye mteremko mdogo sana mpaka kijijini. Ukitembea juu yake utaona vishimo vimepangwa mstari. Humo ndimo wachimbaji walimoshukia, walimotolea udongo, na ndimo hewa ilimopita.

Jibu la mwenzetu wa Sur lilikuwa wazi machoni petu siku zote. Tundu moja halitoshi, kwa sababu hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea. Basi Salum nimempa mawili: moja chini karibu na mlango, jengine juu, limefichwa kwenye shina la mkunazi. Hewa ya moto na moshi hupanda na kutoka juu, hewa baridi huingia chini. Na taa yake sasa ina kazi ya pili. Ikianza kufifia bila ya mafuta kwisha, atoke mbio, maana hewa imeharibika.

Pili, jihadhari na maji. Nyumba ya kwanza ya Salum niliiweka ukingoni mwa wadi, kwa kuwa pana kivuli. Mtu yeyote wa Sharqiyah angenizomea. Tunakumbuka au tumesimuliwa Gonu ya Juni 2007, na hakuna hata mmoja wetu aliyesahau mafuriko ya Aprili 2024 na watoto wa skuli waliochukuliwa na maji. Wadi iliyokauka miezi minane hujaa kwa muda mfupi sana. Kwa hivyo nyumba nimeihamisha ubavuni mwa kilima, mlango unatazama chini, na kizingiti kimeinuliwa.

Tatu, ukubwa si ukweli. Nilitaka kumpa Salum pango kama Majlis al Jinn, lile la tambarare ya Selma, milimani juu ya pwani ya Fins na Tiwi. Mwaka 1983 wataalamu waliokuwa wakichunguza maji ya ardhini waliligundua na kulipima. Kutoka sakafuni mpaka darini ni kama mita 120. Lakini halina mlango wa kutembelea. Njia zake ni matundu ya juu darini, na huingii ila kwa kamba. Salum mwenye ndoo ya maji mkononi angeishia pale pale mlimani. Ni baraza la majini kweli.

Nne, jiulize kwa nini yuko chini. Wairaqw wa Mbulu, Tanzania, zamani walikuwa wakichimba nyumba ubavuni mwa kilima, na paa la udongo likawa sawasawa na ardhi. Hawakufanya hivyo kwa kupenda giza. Walikuwa wakijificha na wavamizi wa ng'ombe. Sababu hiyo ndiyo iliyoichora nyumba: paa lisionekane kwa mbali, na ng'ombe wapate nafasi ndani.

Hapo nilijiona nimeshakuwa fundi. Baada ya magharibi nikamsomea Bibi sura yangu mpya. Bibi amezaliwa Unguja. Alinisikiliza na kikombe chake cha kahawa, kisha akaanza.

"Ana kidumu cha maji huyo Salum?"

"Anacho, Bibi."

"Na haja anakwenda wapi?"

Nikaona haya, nikasema sijapanga bado.

"Na mtoto mchanga akilia?"

"Hana mtoto, Bibi."

"Basi huyo ana raha zake."

Akanyamaza. Kisha akanambia kwamba Januari 1964, alipokuwa na miaka tisa, yeye, mama yake na mdogo wake mchanga walikaa ndani ya pango la mawe ya matumbawe nyuma ya shamba lao. Siku ngapi, hajui. "Jirani yetu alikuwa akija usiku na muhogo na maji. Haji na taa. Akikohoa mara mbili, tunajua ni yeye. Mtoto akitaka kulia, mama anamziba mdomo kwa kiganja. Ndiyo maana mdogo wangu siku hizi hanyamazi."

Tukacheka, kwa sababu babu yangu huyo wa Nizwa kweli hanyamazi.

"Ramadhani iliingia tumo mle mle," akasema. "Jirani ndiye aliyetwambia mwezi umeandama. Mama akalia. Nikadhani njaa. Kumbe analia kwa kuwa mwezi umeandama na yeye hakuuona."

Baba alikuwa amesimama mlangoni na trei ya halua. Baadaye alinambia na yeye alikuwa hajapata kuisikia habari ile.

Nikamwomba Bibi ruhusa ya kuiandika hapa. Akasema, "Andika, mjukuu wangu. Lakini jina la jirani usilitaje. Aliyafanya yale kwa roho yake, na wanawe wako hai kule kule. Wakitaka kusema, watasema wao."

Usiku ule nikaifungua tena nyumba ya Salum. Zulia limetoka, vitabu vimetoka. Chumba sasa ni kidogo, mtu akinyoosha mkono anagusa ukuta. Pana pembe ya haja yenye jivu la kufukia. Na nimegundua kosa ambalo hata mwenzetu wa Nizwa hakuliona: Salum alikuwa anajua saa. Vijijini kwetu zamu za maji ya falaji zilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Chini ya ardhi huna jua wala nyota. Swala ya alfajiri ataijuaje? Siku atazihesabu vipi? Lazima pawe na mtu wa juu anayemletea chakula na habari, na mtu huyo naye ana cha kupoteza akionekana. Katika sura yangu ya kwanza mtu huyo hakuwepo kabisa. Sasa yupo, na anakohoa mara mbili.

Kazi ya mkutano ujao: kila mmoja alete ukurasa mmoja wa mhusika anayeishi chini ya ardhi, awe Salum wako, mchimba falaji, au mtoto aliyepotea pangoni. Kabla ya kuleta, jibu maswali haya: hewa inaingilia wapi na inatokea wapi? Maji ya kunywa yako wapi, na ya mafuriko yatapita wapi? Haja je? Anajuaje kumekucha? Na nani mwengine anajua kwamba yumo?

Na kama nyumbani una bibi au babu, msomee kwanza yeye. Chukua na kahawa.