Nyama Yuko Mbali: Upige ao Uache?

Mwezi huu tutasemea kuwinda. Wamama wasifunge gazeti mbio mbio, maana nyama akifika nyumbani ni ninyi munampika, na akipotea porini na kidonda ni ninyi munabaki na sufuria tupu.

Ulizo limetoka mbali. Munajua ya kwamba jamaa zetu wengi wako Marekani leo. Katika mwaka wa hesabu 2016, kati ya wakimbizi wote waliopokelewa kule, wale wa kutoka Congo ndio waliokuwa wengi kupita wa nchi zote. Wengine walipata makao Lexington, katika jimbo la Kentucky, fasi ya mashamba na misitu midogo midogo. Ikifika mwezi wa 11 wenyeji wanatoka kuwinda, na mwenye shamba akipenda kijana wetu anamwita waende pamoja. Ndipo mmoja akauliza: “Baba Mchungaji, nyama alisimama ngambo ya shamba la mahindi, labda mita 300. Mwenzangu akasema, piga. Mimi nikaacha. Je, nilikuwa mwoga?”

Hapana, mwanangu. Lakini tuangalie neno hili sawasawa, juu hata hapa kwetu kuko vijana wanaofikiri mwindaji mkubwa ni yule anayeangusha nyama kutoka mbali kabisa.

Kwanza nyama mwenyewe. Ni ayala wa mkia mweupe, wa jamii ya ayala yule tunayemsoma katika Zaburi 42 ndani ya Biblia ya Union. Hapa Congo hatuna ayala hata mmoja. Tuko na kulungu na swala wa namna nyingi, na hao pembe zao ni za maisha. Ayala dume anaangusha pembe zake kila mwaka, kiisha zinaota mpya, zenye matawi. Jike mzima ana uzito wa kilo 45 mpaka 60, basi nyumba inaweza kupata kilo 20 hivi za nyama tupu. Tena sheria ya kule haikubali mtu auze nyama hiyo sokoni. Ni ya kula na jamaa, na kugawia jirani. Kwa hiyo hakuna mnunuzi anayengoja barabarani. Haraka ya nini?

Sasa sikia vizuri, kijana. Ukimwona nyama, usiangalie mwili mzima. Ng'ombe ni mkubwa na ayala ni mkubwa, lakini wewe haulengi nyama, unalenga moyo na mapafu, nyuma kidogo ya mguu wa mbele. Fasi hiyo upana wake ni santimita 20 mpaka 25, sawa sahani ya kulia. Sasi ikiingia ndani ya sahani ile, ayala anakimbia kidogo, labda mita 50 ao 100, anaanguka, imekwisha. Ikiingia tumboni, anaenda na maumivu saa nyingi, anafia pahali usipopajua. Ikivunja taya ya chini, ni mbaya zaidi: anaishi siku nyingi na hawezi kula. Hakuna jamaa iliyokula, na kiumbe ameteswa bure. Shida yote ya kupiga mbali iko hapo.

Tufanye hesabu. Bunduki nzuri, imelazwa juu ya mifuko ya mchanga mezani, inaweza kuweka masasi matatu ndani ya duara la santimita 3 kwa mita 100. Kwa mita 300 duara linakuwa santimita 9. Vizuri sana! Lakini porini hakuna meza. Mtu amepanda kilima, moyo unapiga, vidole vimekufa na baridi, anasimama tu na kulenga. Mtu huyo kwa mita 100 duara lake linaweza kuwa santimita 15. Zidisha kwa tatu: 45. Sahani yetu ni 25. Mbele hata ya kutaja upepo, masasi yake mengine yamekwisha kutoka inje ya sahani.

Na sasi haiendi mbele kama kamba iliyovutwa, inaanguka kama jiwe linalorushwa. Chukua bunduki ya .30-06, ambayo wengi wanatumia kule tangu 1906. Sasi yake ya gramu karibu 10 inatoka kwenye mdomo wa bunduki kwa mbio ya mita 880 hivi kwa sekunde moja. Ukiitengeneza ipige sawasawa kwa mita 200, kwa mita 300 itakuwa imeshuka karibu santimita 20, na kwa mita 400 zaidi ya nusu mita. Unaona? Kila hatua ya mbele inashusha sasi kupita hatua ya nyuma. Basi mtu anayesema “labda mita 300”, na kumbe ni 350, amekwisha kupoteza sahani yake. Neno hili “labda” ndilo linalovunja miguu ya nyama. Na macho yanadanganya sana, zaidi ngambo ya bonde ao jioni jua likishuka.

Mwingine atasema: mimi niko na chombo cha kupima umbali kwa mwangaza, kinanipa mita zote bila kukosa. Kweli, na ni chombo kizuri. Lakini kinapima umbali, hakipimi upepo. Upepo ule wa kutikisa majani na vijiti vidogo bila kupumzika, wa kilomita 16 kwa saa, ukipita kando unasukuma sasi yetu santimita 2 hivi kwa mita 100. Kwa mita 300 unaisukuma karibu santimita 20. Tena fasi uliposimama pengine kumetulia, na kule bondeni majani yanacheza. Utajuaje?

Kisha kuna mwendo wa nyama. Sasi inachukua karibu sehemu 4 za 10 za sekunde kufika mita 300. Ni kidogo sana, utasema. Lakini ayala anayetembea polepole tu, katika wakati ule amekwisha kusogea santimita 40 ao zaidi. Uliona mapafu, utapata tumbo.

Kwa upinde mambo ni yale yale, lakini karibu zaidi. Kule wawindaji wengi wa upinde hawapendi kupita mita 30 ao 40, na sababu ni masikio ya ayala. Sauti inaenda mita 340 kwa sekunde, mshale hata wa upinde wa kisasa ni 90 hivi. Sauti ya kamba inamfikia mbele ya mshale, anainama ili aruke, na mshale unapita juu ya mgongo ao unamchoma pabaya.

Hapa kwetu wazee wenye kalibre 12 wanajua mpaka wao bila kufanya hesabu. Shevrotini, ile kartushi ya masasi mengi, inatawanyika kila inapokwenda mbele. Ukipita mita 40 inajeruhi tu. Wenye gobori za kutengenezwa kijijini wanakaribia zaidi tena. Kwa hiyo tangu zamani ufundi wetu haukuwa kupiga mbali, ulikuwa kukaribia: kujua upepo unatoka wapi, kukanyaga bila kuvunja kijiti, kungoja kwenye njia ya maji. Kijana wetu wa Kentucky asione haya juu ya ufundi huo. Wamarekani wenyewe, ile Klabu ya Boone and Crockett ambayo Theodore Roosevelt aliianzisha 1887 mbele ya kuwa rais, wanafundisha kwamba mwindaji wa haki anamwachia nyama nafasi ya kunusa, kusikia na kukimbia. Mtu anayempiga kutoka mbali sana ili aonyeshe bunduki yake, huyo anacheza shabaha, na shabaha iko na karatasi zake. (Kwa ninyi mulio karibu na Upemba ao Kundelungu: sheria yetu ya kuwinda ni ya tarehe 28 mwezi wa 5, 1982, na ndani ya parke hakuna swali la mita. Hata mita 10 ni hapana.)

Basi mtu anajuaje mpaka wake? Si kwa maneno ya rafiki. Mbele ya majira, uende fasi ya kujifunza shabaha na sahani ya karatasi. Usipige mezani. Piga namna utakavyopiga porini: umepiga goti, umeegemea mti, umekimbia kidogo kwanza ili pumzi ipande. Masasi matano. Yote matano yakiingia, rudi nyuma mita 25, anza tena. Siku moja linatoka la kwanza. Umbali wa mbele ya pale, ndio mpaka wako wa siku nzuri. Siku ya upepo, baridi ao haraka, mpaka unarudi karibu. Wengi wanaopima hivi kwa haki wanashangaa: walifikiri wako watu wa mita 300, kumbe ni wa mita 120. Hakuna haya. Mtu wa mita 120 aliye mvumilivu analisha nyumba yake.

Na uangalie nyuma ya nyama. Sasi ya .30-06 isiposimamishwa na udongo inaweza kwenda zaidi ya kilomita 3. Nyuma ya shamba la mahindi kuko nyumba, barabara, mwindaji mwingine. Kwa sababu hiyo Kentucky inaamuru nguo ya rangi ya machungwa katika majira ya bunduki, na mtu aliyezaliwa tangu tarehe 1 mwezi wa 1, 1975 lazima awe na cheti cha masomo ya kuwinda. Ninyi wa mgodi munajua vizuri: mbele ya kuwasha baruti king'ora kinalia, watu wanahesabiwa. Mawe yakisharuka, nani atayarudisha? Kwa mita 80 unaona yote yaliyo nyuma ya nyama. Kwa mita 300 ndani ya darubini unaona ayala tu, dunia yote nyingine imefichwa.

Nyama akiwa kupita mpaka wako, karibia. Kama huwezi kukaribia, ngoja. Kama anaondoka, aondoke. Kesho atapita njia ile ile, juu ayala ana mazoea yake.

Na ukipiga, usikimbilie. Hata kama ulipiga vizuri, kaa nusu saa, ukikumbuka alisimama wapi na alipita wapi. Kiisha uangalie damu. Ikiwa nyekundu ya kungaa na povu, ni mapafu, hayuko mbali. Ikiwa nyeusi nyeusi, pengine ni maini, ngoja masaa kadhaa. Ukiona majani yaliyosagwa na harufu ya tumbo, rudi nyumbani, ngoja masaa 6 hata 12, maana ukimfukuza atasimama na kwenda mbali zaidi. Mvua ikitaka kunyesha, muite mtu wa pili, mubebe taa, mmoja abaki kwenye tone la mwisho la damu na mwingine atafute la mbele.