Ukimya wa Enkoda

Mashine ya kukereza chuma inayoongozwa na kompyuta, iwe Chang'ombe, Temeke, au Mikocheni, Kinondoni, haina macho. Hujua ilipofika kwa mapigo ya umeme yatokayo katika enkoda, chombo kilichofungwa kwenye mhimili wa mota. Waya ukikatika, mapigo hukoma. Kidhibiti, kikidhani mota imesimama, huiongezea umeme. Kumbe inazunguka, nayo huenda mbio mpaka igonge.

Kinga ipo, wala si ngumu. Kila ishara hupitishwa katika nyaya mbili zenye hali za kinyume: mmoja ukiwa na volti 5 hivi, mwenziwe huwa karibu na 0. Zikikaa katika hali moja kupita kitambo kidogo, waya umekatika, na mota huzimwa mara moja. Kinga nyingine hulinganisha mwendo ulioamriwa na ulioripotiwa, lakini hiyo hungoja kosa likue kwanza. Fundi anayepanua kiwango cha kosa ili asisumbuliwe na kengele anacheza na vidole vyake.

Shuleni nako sufuri huaminiwa upesi mno. Mwalimu wa fizikia na alegeze kwa siri waya mmoja wa voltimita kabla ya jaribio, kisha ahesabu ni wanafunzi wangapi wataandika 0 bila kuuliza.