Saa Iliyokufa Si Urembo

Ndugu zangu waandishi chipukizi, na nyie wasomaji wa mjini mnaopanga sebule kwa kufuata picha za magazeti, leo nina ugomvi nanyi. Ugomvi wenyewe ni wa saa. Sizungumzii saa ya mkononi wala ile ya kwenye simu. Nazungumzia saa kubwa za kale, za ukutani na za mezani, zenye kabati la mbao, ufunguo wa kujazia na timazi inayoyumba kushoto kulia.

Kuna msemo umeingia siku hizi, eti "saa ya urembo haina haja ya kwenda." Mtu ananunua saa ya kale kwa mapesa mengi, anaitundika juu ya televisheni, imekufa saa nne na dakika kumi, na itakaa saa nne na dakika kumi mpaka watoto wake waoe. Ukimwuliza, anacheka: "Aa bwana, ile ni ya kupendezesha tu. Muda natazama kwenye simu." Na wageni wote wanaitikia, eti mwenye nyumba ana jicho la sanaa.

Mimi nasema hiyo siyo sanaa, ni kuzuga. Na nitaeleza kwa nini.

Tuanze nyumbani. Huku kwetu Litapunga, msimu wa tumbaku ukienda vizuri, au mtu akipata chochote kwenye machimbo ya dhahabu, nyumba hupata bati jipya, makochi na saa ya ukutani. Siku hizi saa hiyo ni ya plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu, ina namba za Kirumi na kitimazi kinachochezeshwa na betri. Mwuzaji anaiita "antiki." Imetoka kiwandani juzi! Lakini nitakushangaza, msomaji: saa hiyo sina ugomvi nayo sana. Inakwenda. Mtoto anaitazama anakimbilia shule. Kosa lake ni jina la uongo tu, na jina hilo hakujipa yenyewe. Kipya kinyemi ingawa kidonda, tumezoea.

Ugomvi wangu uko upande wa pili, kwa wale wanaojiona wamepanda daraja, wenye kauli ya "ya kale dhahabu." Hao ndio wanaonunua saa za kale za kweli, kisha wanazizika ukutani.

Wabishi wameniletea hoja yao kubwa: kwamba mambo haya ni ya asili yetu Waswahili. Wananitajia Bibi Salme binti Said, binti wa Sultani Said bin Sultan, aliyeolewa na Mjerumani akaitwa Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilichapishwa Ujerumani mwaka 1886, na humo anaeleza vyumba vya mabwana wa Unguja: vioo vikubwa, vyombo vya kaure na bilauri kwenye mashubaka, na saa ukutani, tena siyo moja wala mbili. "Unaona?" wananiambia. "Wazee wetu walizitundika kwa urembo."

Nakubali. Walizitundika kwa urembo, na zilipendeza. Lakini tusisome nusu ukurasa. Utajiri uliojaza kuta zile ulitoka kwenye karafuu zilizochumwa na watumwa, na kwenye pembe zilizobebwa vichwani na misafara iliyopita Tabora na Ujiji, yaani huku huku kwetu bara. Saa kumi ukutani zilikuwa tangazo la nani ana mali. Sasa kama hilo ndilo tunalolirithi, basi tuseme wazi kwamba tunarithi majivuno. Tusilivike kanzu ya utamaduni.

Tena watu wa pwani enzi zile waliishi na muda kwa namna yao. Siku ilianza magharibi, jua likizama. Mtu aliyefuata hesabu hiyo aliirekebisha saa yake kwa machweo: jua likizama, mishale miwili inakutana kwenye kumi na mbili. Maana yake saa iliguswa kila mara kwa mkono wa mtu. Ilisikilizwa, ikasahihishwa, ikagombezwa. Ndiyo maana mpaka leo tunasoma saa kwa namna inayomshangaza mgeni: jicho linaona 7, mdomo unasema saa moja. Mshale wa Kizungu na mshale wa Kiswahili unaangalia pande mbili tofauti kabisa za uso uleule, na sisi tunafanya hesabu hiyo bila hata kufikiri.

Na sisi wa Mpanda tuna kichekesho chetu zaidi. Saa ya Tanzania nzima ni moja, ila jua halijasoma tangazo hilo. Sisi tuko magharibi mno, hivyo jua huzama kwetu zaidi ya nusu saa baada ya kuzama Dar es Salaam. Redio ikisema ni saa kumi na mbili jioni, wenzetu wa Dar wanawasha taa, na sisi bado tunapalilia. Magharibi yetu hukaribia saa moja usiku. Kwa hiyo saa huku haikuwahi kuwa picha ya jua. Ililetwa na serikali, na shule, na zaidi ya yote na reli. Tawi la reli kutoka Kaliua lilifika Mpanda mwaka 1950 kwa sababu ya madini ya risasi. Mgodi wenyewe ulikufa mwaka 1960, reli ikabaki. Treni ndiyo iliyotufundisha kwamba dakika inaweza kukuacha umesimama na mzigo kichwani.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Mwaka juzi alipita mtaani kwetu dalali kutoka mjini, jina lake silitaji. Alikuwa akitafuta "vitu vya zamani." Akaingia kwa bibi mmoja, mjane wa mfanyakazi wa reli. Ukutani kulikuwa na saa ya Kijerumani ya kujaza kwa ufunguo, ya marehemu mumewe, haijaenda miaka mingi. Dalali akatikisa kichwa kama daktari aliyekata tamaa. "Bibi, hii maiti. Nakusaidia kuitoa tu, labda nitapata mbao." Akamwachia pesa ya kununulia debe la mahindi, akaifunga saa kwenye shuka, akaondoka.

Mnajua kilichofuata. Ikifika dukani mjini, saa ya aina hiyo haiitwi maiti tena. Inaitwa antiki. Kule kwa bibi ubovu wake ulikuwa sababu ya kushusha bei; kwa mteja wa mjini ubovu huohuo ni "uhalisia," na bei inapanda. Bibi aliambiwa haifai kwa sababu haiendi. Wewe unaambiwa inafaa na kwamba haina haja ya kwenda. Kauli hizo mbili ni za mdomo mmoja! Na wewe unayesema "ni urembo tu" ndiye unayemlipa mwenye mdomo huo. Msemo wako mzuri wa sebuleni ndio mtaji wake.

Na ukweli ni kwamba mara nyingi saa kama ile haijafa. Mafuta yameganda, vumbi limeshika kwenye meno ya magurudumu, basi. Fundi saa anaifungua, anaiosha, anatia mafuta tone moja moja, anaangalia kamani kama bado ina nguvu, na saa inarudi duniani. Angetafutwa fundi kabla ya dalali, bibi angekuwa na saa inayokwenda, au angeiuza kwa bei ya kitu kizima. Lakini nani atamtafuta fundi kama sote tumekubaliana kwamba saa haina haja ya kwenda? Fundi saa anayekaa na kioo chake jichoni, kameza kake kamejaa vispringi, anauawa na msemo huo kuliko anavyouawa na simu.

Nisije nikaambiwa mimi ni wa kulaumu tu. Kununua saa ya kale si dhambi. Nunua, ila nunua kama mtu mwenye akili.

Kwanza, itazame nyuma. Ukikuta kisanduku cheusi cha plastiki chenye nafasi ya betri, hiyo ni saa mpya, au kabati la zamani lililotolewa utumbo. Lipa bei ya kabati.

Pili, isikilize. Ijazwe mbele yako, isimamishwe wima. Mlio uwe sawasawa, tik na tak zimeachana kwa nafasi moja. Ikichechemea, jaribu kwanza kuinyoosha, maana saa ya timazi ikikaa upande huchechemea na baadaye husimama. Ikiendelea kuchechemea, hilo ni la fundi, na bei ishuke.

Tatu, tafuta jina, na ulitafute kwenye bamba la mashine kabla ya kuliamini lile la usoni, kwa sababu uso hubandikwa upya. Ukikuta Junghans, hao ni Wajerumani wa Schramberg, wameanza mwaka 1861. Ukikuta Ansonia, Waterbury au Seth Thomas, hizo ni kampuni zilizoanzia Connecticut, Marekani. Halafu usitishike! Huko Connecticut, miaka zaidi ya mia mbili iliyopita, Eli Terry alichukua kazi ya mashine za saa za mbao 4,000 kwa mkataba mmoja. Viwanda vilivyofuata vilitoa saa kama njugu. Uzee wa saa haumaanishi kwamba ni adimu, na mwuzaji akikuapia kuwa yake ilikuwa ya Sultani, mwombe akuonyeshe Sultani aliandika wapi.

Nne, usidanganywe na namba za Kirumi. Watu husema saa ya kale huandika nne kwa vijiti vinne, IIII. Ni kweli nyingi ziko hivyo, lakini na waigaji wanalijua hilo.

Tano, mbao. Vitundu vidogo vyenye unga mpya chini yake ni wadudu wangali wanakula, na kwetu huku usisahau mchwa. Skrubu mpya zinazong'aa kwenye mbao nyeusi zina hadithi, iulize. Kabati likiwa limechongwa upya kwa mninga wetu, hiyo ni fanicha nzuri, mpongeze seremala, lakini usilipe bei ya ukale.

Sita, saa za zamani za kengele ambazo mishale yake iling'aa gizani mara nyingi zilipakwa rangi ya radiamu, ile ya sumu. Usiifungue uso wala kuikwangua, na usimpe mtoto aichezee.

Saba, na hili ndilo kubwa kuliko yote: mwone fundi kabla hujatoa pesa. Na unaponunua kwa mzee, mwambie bei yake ya mjini. Ukishindwa kumwambia, basi unajua mwenyewe unachofanya.

Sasa nawageukia wenzangu wa kalamu, msidhani nimewasahau. Ugonjwa wa sebule umeingia kwenye hadithi zetu. Ukisoma hadithi kumi za vijana, nane zina bibi kizee, kibatari, sanduku la mbao na saa ya babu iliyosimama siku aliyokufa. Imesimama kwa nini? Nani aliijaza zamani? Ilinunuliwa kwa mshahara gani? Mwandishi hajui na hana haja ya kujua, maana ameiweka pale ipendeze. Ni "antiki" ya maneno. Wakale wetu tunawatundika ukutani, hawasemi, hawabishi, hawadai. Mjane wa mtu wa reli akigeuzwa pambo la ukurasa wa kwanza, tofauti yako na yule dalali ni nini? Yeye angalau aliacha pesa ya mahindi.

Tumeshaona mwisho wa mapenzi ya namna hiyo kwa macho yetu. Beit al-Ajaib ya Unguja ilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Baada ya Waingereza kuipiga Unguja mizinga mwaka 1896, jumba lilitengenezwa likapata mnara wa saa mbele yake. Mnara ule ulipigwa picha na kila mtalii, ukawekwa kwenye kadi, kwenye vitabu, kwenye kanga. Mwaka 2000 Mji Mkongwe wote ukaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Sifa hizo hazikuzuia maji kuingia kwenye kuta. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele iliporomoka, na mnara na saa yake vikaenda chini, na watu wakafa. Nchi nzima ilisikitika. Kusikitika ni rahisi. Kazi ni kupanda ngazi kila wiki na kopo la mafuta.

Kwa hiyo shauri langu ni fupi. Una saa ya kale, itie ufunguo. Huwezi, mpelekee fundi. Hutaki gharama, nunua ya betri, uipende, watoto wasichelewe shule. Na wewe mwandishi, kabla hujaitundika saa ya babu kwenye hadithi yako, kaulize inavyojazwa.

Nimemaliza. Mwenye kubisha na achukue kalamu, nafasi ipo.