Kundi la WhatsApp la wakulima: swali lisilale bila jibu



Leo tuweke pembeni mbolea na mbegu, tuzungumze kuhusu kitu ulichonacho mfukoni: kundi la WhatsApp la wakulima na wafanyabiashara wa kijiji chako. Karibu kila kata ninayoifahamu ina kundi la namna hiyo, na kata nyingine zina matatu. Yote yalianza kwa moto. Watu walikaribishana, wakajitambulisha, picha za mahindi na nyanya zikatumwa. Miezi sita baadaye ukifungua unakutana na salamu za asubuhi, matokeo ya Simba na Yanga, tangazo la mikopo ya haraka, na idadi ya wanakundi iliyopungua.

Ukiuliza kwa nini kundi limekufa, wengi watakwambia ni ugomvi. Mimi siamini hivyo. Watu wa kijiji kimoja hugombana na bado wakakutana msibani na sokoni. Makundi mengi niliyoyaona yakifa yalianza kufa kimyakimya, siku ambayo mtu aliuliza swali la kweli na hakuna aliyemjibu. Kesho yake hakuuliza tena, na waliokuwa wanasoma pembeni wakajifunza kwamba hapa ukiuliza unapoteza bando lako. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwenye kundi la wakulima, mshindo wenyewe ni watu kuondoka.

Ndiyo maana maoni yangu ni haya: kipimo cha kundi zuri ni kwamba swali la mkulima halilali bila jibu. Mengine yote, idadi ya watu, picha nzuri na jina la kundi, yanakuja baadaye.

Jibu la leo na jibu la wiki ijayo si sawa

Chukua mfano wa viwavijeshi vamizi, ambao wanatusumbua tangu mwaka 2017. Mayai yake huanguliwa ndani ya siku chache tu. Kiwavi akiwa mdogo hukwangua jani na kuacha alama nyeupe kama vidirisha, na hapo ni rahisi kumdhibiti. Akishakua huingia ndani ya moyo wa mhindi na kuziba njia kwa kinyesi chake, na dawa unayopuliza inaishia juu ya majani. Kazi yote ya kiwavi inaisha kwa wiki mbili hadi tatu.

Sasa mama anatuma picha ya jani lenye vidirisha siku ya Jumatatu. Akijibiwa Jumatatu hiyohiyo, ana nafasi ya kuokoa shamba. Akijibiwa Jumatatu inayofuata, jibu ni sahihi lakini halina kazi. Mfanyabiashara naye ni hivyohivyo: ukiuliza leo bei ya maharage mjini na gari linaondoka alfajiri, jibu la keshokutwa ni hadithi tu.

Uliza swali linalojibika

Kabla hatujawalaumu wanaokaa kimya, tujitazame sisi tunaouliza. "Nyanya zangu zinakauka, nifanyeje?" Swali hilo hata mtaalamu hawezi kulijibu, kwa sababu nyanya hukauka kwa maji, kwa magonjwa, kwa minyoo ya mizizi na kwa mengine mengi.

Ukituma swali, weka mambo matano: uko kijiji gani, ni zao na aina gani, lina siku au wiki ngapi tangu kupandwa, dalili zilianza lini, na umeshaweka mbolea au dawa gani. Kisha tuma picha tatu zilizopigwa mchana: mmea mzima, jani upande wa chini, na mdudu au sehemu iliyoathirika kwa karibu. Kama ni kiwavi kwenye mahindi, piga picha ya kichwa na ya mkiani. Kiwavijeshi vamizi mkubwa ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa kichwani, na madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe nne za mraba karibu na mkia. Picha hiyo moja inaokoa siku nzima ya kubahatisha.

Mwongozo huo wa mambo matano uwekwe kwenye maelezo ya kundi, mahali ambapo mgeni anaweza kuusoma bila kumsumbua mtu.

Jibu unachokijua, na jibu kwa heshima

Kuuliza si ujinga, lakini kuna makundi mtu akiuliza anachekwa. "Hata hilo hujui, umeanza kulima jana?" Halafu vinafuata vikatuni vya kucheka kumi na tano. Aliyechekwa ni mmoja, walionyamazishwa ni hamsini. Na mara nyingi walionyamazishwa ni akina mama na vijana, ambao ndio wako shambani kila siku na ndio wa kwanza kuona mdudu. Msimamizi akiacha kicheko hicho kipite, amefunga midomo ya watu ambao kundi linawahitaji kuliko wote.

Sisemi watu wasitaniane. Utani ni wetu, na kundi lisilo na utani linachosha. Lakini kwanza swali lijibiwe, kisha mtani atanie.

Jibu pia lina adabu yake. "Sijui, ila namuuliza afisa ugani" ni jibu, na ni jibu zuri, kwa sababu muulizaji anajua amesikika. Ukimwelekeza mtu dawa, taja kiambato chake na siyo jina la dukani peke yake, na umkumbushe asome kibandiko: kipimo, mavazi ya kujikinga, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Usimpe kipimo cha kukariri eti "mimi huweka vifuniko viwili". Vifuniko havilingani, na mabomba ya kupulizia hayalingani.

Na isiwe kazi ya mtu mmoja. Kundi linalomtegemea afisa ugani au msimamizi peke yake litalala siku akiwa safarini au simu yake ikiisha chaji. Gawaneni zamu. Huyu aangalie maswali ya mifugo, yule ya mbogamboga, mwingine alete taarifa za mvua kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kila jioni mmoja wenu apitie maswali ya siku hiyo. Likiwepo lililobaki, alirudishe juu na kuwataja kwa jina watu wanaoweza kulijibu. Dakika kumi zinatosha.

Bei itajwe kwa kilo

Hapa ndipo wakulima na wafanyabiashara hugombana sana. Mmoja anaandika, "Mahindi debe elfu kumi na nne." Debe la wapi? Limejazwa kwa kichungu au limesawazishwa? Leo au wiki iliyopita? Mahindi makavu au mabichi? Mkulima anapakia mzigo kwa matumaini, akifika anakuta bei nyingine, na anarudi kundini akiwa na hasira.

Wekeni kanuni moja: bei isiyo na kilo, mahali, tarehe na hali ya zao si bei. Kwa mfano: "Kibaigwa, leo Jumanne, mahindi makavu yaliyopepetwa, kilo shilingi fulani." Mtu akiandika gunia, aulizwe lina kilo ngapi. Lumbesa imekatazwa kisheria, na njia rahisi ya kuikataa kijijini ni kuzoea kutaja kilo kila siku mpaka gunia lisilopimwa lianze kuonekana kitu cha aibu.

Wafanyabiashara wabaki

Najua hapa baadhi yenu hamtakubaliana nami. Yapo makundi yaliyoamua kuwatoa madalali na wanunuzi wote, kwa hoja kwamba wanakuja kupima njaa ya wakulima kisha wanapanga bei. Hofu hiyo ina msingi. Mkulima anayeandika hadharani "nina shida ya ada, nauza haraka" amejishushia bei mwenyewe kabla hajakutana na mnunuzi.

Hata hivyo, kundi la wauzaji bila wanunuzi ni kama gulio lisilo na wateja. Mkiwatoa, hawaachi kununua. Wanahamia kwenye simu za mmojammoja, ambako hakuna anayejua jirani yake ameuza kwa bei gani. Ni afadhali wabaki kundini, mbele ya macho ya wote, kwa masharti matatu. La kwanza, mnunuzi ajitambulishe kwa jina na mahali anapopatikana. La pili, ataje bei na kipimo kundini, na ile tabia ya "njoo inboksi" kwa swali la bei ikome. La tatu, akishindwa kulipa au akibadilisha bei mzigo ukiwa mlangoni, jambo hilo lisemwe kundini na yeye apewe nafasi ya kujieleza. Mfanyabiashara mwaminifu hatayaogopa masharti haya, maana yanamtenganisha na wababaishaji.

Wenye maduka ya pembejeo nao wapewe siku yao ya kutangaza, mara moja kwa wiki. Anayetangaza mbegu atume picha ya pakiti yenye lebo ya TOSCI inayosomeka.

Salamu, mpira na bando

Watu wengi kijijini wananunua bando la siku moja. Video ya vichekesho ikiwa nzito inakula fedha ambayo ingemwezesha mtu kupokea picha ya jani linaloumwa. Kwa hiyo salamu ndefu, mahubiri, siasa na mpira vitafutiwe kundi lake la maongezi. Msiba na mgonjwa vibaki hapahapa, maana sisi ni majirani kabla ya kuwa wanakundi. Msimamizi atoe taarifa mara moja, na pole nyingine zipelekwe kwa wafiwa wenyewe.

Msimamizi anaweza pia kulifunga kundi ili yeye peke yake ndiye aandike. Wengi hukimbilia hapo wakichoshwa na kelele. Mimi siungi mkono. Ukifunga kelele umefunga na maswali, na kundi limegeuka ubao wa matangazo. Anayekosea afuatwe pembeni kwanza kwa lugha ya kiungwana: "Mzee wangu, ile video naomba uiondoe, wenzetu bando lao ni dogo." Akirudia, aonywe hadharani. Akirudia tena, atoke kwa muda.

Matapeli hawaonywi mara tatu

Kuna makosa yasiyosubiri: picha chafu, matusi, na utapeli. Kumbuka kila aliyemo kundini anaiona namba yako ya simu. Ndiyo njia ambayo "ile hela tuma kwenye namba hii" inatufikia, na ndiyo njia ya "mbolea ya ruzuku imefika, lipia nafasi yako". Anayeomba malipo ya awali kwa pembejeo ambazo hakuna aliyeziona atolewe mara moja, ujumbe wake ufutwe, wote waonywe, na namba yake iripotiwe kwa 15040.

Ujumbe ulioandikwa kwamba umesambazwa mara nyingi uangaliwe mara mbili. Kama unasema kuna ugonjwa mpya wa kuku au bei mpya ya serikali, usiusambaze mpaka umeuliza ofisi ya kijiji au ya kata. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa pia mtu anayesambaza uongo akiwa amekaa chini ya mwembe wake.

Kukua kwa njia ya mlangoni

Kundi moja la WhatsApp linaweza kubeba watu 1,024. Usikimbilie huko. Watu sitini wanaojibizana wanafaa kuliko elfu moja wanaotazamana. Ukisambaza kiungo cha kujiunga ovyo, unajaza wageni usiowajua na matapeli ndani yao. Kila mwanakundi amlete jirani mmoja anayemfahamu, amtambulishe jina, kijiji na anacholima, na watu wawili watatu wamkaribishe. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mara nyingi mgeni ndiye anayekuja na mnunuzi mpya au mbegu ambayo hamjaijaribu.

Usiwasahau wenye kitochi. Hao ni majirani zako wengi, na mdudu akianzia shambani kwao atafika kwako. Kila mwenye simu janja awe na nyumba tano au kumi anazozipelekea habari na kuzirudishia maswali kundini. Bei za wiki na tahadhari ya mdudu ziandikwe kwa mkono na kubandikwa ofisi ya kijiji, ghala la chama cha ushirika, au kwenye mashine ya kusaga, mahali ambapo kila mtu hupita.

Jioni ya leo ukimaliza kula, fungua kundi lako. Pandisha juu mpaka wiki iliyopita, tafuta swali moja ambalo halikujibiwa. Kama unajua jibu, mjibu aliyeuliza na umwombe radhi kwa kuchelewa. Kama hujui, mwambie unamtafutia, kisha mtafutie kweli. Halafu angalia kesho kama hatauliza mtu mwingine.

Wewe kundi lako lina kanuni gani ambayo imewasaidia? Niandikie, nami nitawajulisha wenzako wa kata nyingine. Tukutane wiki ijayo, tutarudi shambani kuangalia jinsi ya kukausha mahindi kabla ya kuyaweka ghalani.