Ombi Kupokelewa Si Pesa Kulipwa

Ushawahi kulipia kitu kwa simu, ukaweka namba ya siri, halafu skrini ikakaa tu inazunguka? Muuzaji anakuangalia. Nyuma yako kuna foleni. Unajiuliza: nilipe tena ama ningoje?

Msimamo wetu ni huu: usilipe tena kabla hujajua ombi la kwanza limeishia wapi. Na tunasema pia kwamba kosa la kukuacha gizani si lako. Ni letu sisi tunaotengeneza mifumo ya malipo, pamoja na maduka yanayoitumia.

Hebu tuanzie Kimuka. Kajiado ni kavu, na watu wengi hununua maji ya lori. Unampigia simu anayepanga malori, unamwambia unataka lori moja kwa boma lako. Anajibu, "Sawa, nimekuandikia." Je, tangi limejaa? Bado. Amepokea oda tu. Itabidi apate dereva aliye huru, dereva ajaze maji, afike kwako, kisha mtu athibitishe kwamba maji yameshuka. Sasa ukiona kimya, ukapiga tena na kuagiza upya, unaweza kuletewa malori mawili. Tangi ni moja, na bili ni mbili.

Malipo ya simu hufanya kazi vivyo hivyo. Duka halizungumzi moja kwa moja na kompyuta inayohamisha pesa. Developa wa duka hutumia kifurushi cha programu kilichoandikwa tayari, ambacho kazi yake ni kupeleka ombi kwa seva. Seva hulipokea, hulipa namba ya kulifuatilia na kuliweka kwenye foleni. Kompyuta nyingine iliyo huru ndiyo hulichukua na kulifanya.

Utaratibu huu haukuanzia kwa pesa. Mnamo 2005, watu waliokuwa wakiendesha LiveJournal huko Marekani walitengeneza programu iitwayo Gearman, ya kugawa kazi kwa kompyuta nyingi. Jina lenyewe ni herufi za neno la Kiingereza "manager" zilizopangwa upya, kwa utani kwamba meneja hafanyi kazi, anagawa tu! Lakini utani huo una somo: aliyepokea kazi si lazima awe ndiye aliyeifanya.

Hapa Kenya, M-Pesa ilianza Machi 2007, na mitambo yake ilikuwa nje ya nchi hadi ilipohamishiwa hapa nyumbani 2015. Mnamo 2017 Safaricom ilifungua Daraja, mlango ambao madeveloper hutumia kuunganisha maduka na M-Pesa. Duka likiomba ile skrini ya kuweka namba ya siri itokee kwenye simu yako, jibu la kwanza hurudi haraka likiwa na namba 0. Maana yake ni "ombi limepokelewa." Basi. Hujalipa bado.

Jibu la pili huja baadaye, na hilo ndilo lenye habari. Likiwa 0, pesa zimelipwa. Likiwa 1, salio halitoshi. Likiwa 1032, mteja amefuta ombi. Likiwa 1037, simu haikupatikana au mteja hakujibu kwa wakati. Umeona hatari? Kuna sifuri mbili, na kila moja ina maana yake.

Developa akiichukua sifuri ya kwanza kama ndiyo malipo, duka litatoa mzigo bila kulipwa, na mara nyingi anayedaiwa jioni ni yule dada wa kaunta. Kwa upande mwingine, wewe unaweza kuwa umelipa, lakini jibu la pili likapotea njiani kwa sababu seva ya duka ilizima. Duka linasema hakuna kitu, wewe unakatwa pesa, na unaambiwa "jaribu tena." Kwa mtu aliyekuja na pesa ya chakula cha ng'ombe pekee, kujaribu tena ndiko kumaliza pesa ya nauli ya kurudi nyumbani.

Wapo watakaosema mteja avumilie tu, mtandao ni mtandao. Hatukubaliani nao. Mtandao kuzubaa ni kawaida, ila skrini inayosema "Imefaulu" kabla ya jibu la pili inadanganya. Iandike "Tumepokea ombi, ngoja uthibitisho." Na jibu likichelewa, mfumo wa duka uulize hali ya ombi lile lile kwa namba yake, badala ya kumtuma mteja alipe upya. Daraja inaruhusu kuuliza hivyo. Kwa hivyo hakuna kisingizio.

Kwako wewe mteja, tunaomba mambo matatu:

Kwanza, skrini ikikwama, angalia ujumbe wa muamala au salio lako kabla ya kulipa tena.

Pili, ukishapata ujumbe wenye namba ya muamala, muonyeshe muuzaji aitafute kwenye rekodi zake. Usiufute.

Tatu, ukiwa umekatwa mara mbili kwa M-Pesa, ongea na duka mara moja, na unaweza kutuma ule ujumbe wa muamala wa ziada kwa 456 kuomba urudishiwe. Ukichelewa, kazi inakuwa ngumu.

Na kwako wewe mwenye duka, usitoe mzigo kwa sababu ya skrini ya simu ya mteja. Ngoja uthibitisho ufike kwako. Hilo si kumdharau mteja, ni kumlinda yeye na mfanyakazi wako.

Yule wa malori Kimuka hakudanganyi akisema "nimekuandikia." Sisi pia tujifunze kusema hivyo, na tuseme "umelipa" pale tu maji yameshaingia kwenye tangi.