Kifaru cha Mfano: Tazama Kilichomo, Si Picha ya Sanduku



Baadhi ya vijana wausomao ukurasa huu wametuuliza habari za vifaru vya mfano, yaani vile vifaru vidogo vya plastiki vinavyouzwa vipande vipande ndani ya sanduku, mtu akavikata, akaviunganisha kwa gundi na kuvipaka rangi. Wamekipenda khasa kifaru cha Wajerumani kiitwacho Tiger, cha Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, nao wataka kujua ni sanduku gani lililo jema. Wako wazee watakaosema kuwa huu ni mchezo tu. Sisi twaona kuwa kazi imkalishayo kijana mezani, akasoma, akapima na kungoja gundi ikauke, si ya kudharauliwa. Lakini masanduku haya yana bei, na aghlabu fedha ni za baba. Basi yafaa kuchagua kwa ujuzi.

Neno letu la kwanza ni hili: uzuri wa kifaru cha mfano ni ukweli wake. Mfano ni kama shahidi. Ukisema lililokuwapo wafaa, na ukisema lisilokuwapo haufai, hata ukiwa na rangi za kupendeza. Picha iliyo juu ya sanduku si ushahidi, kwani imechorwa ili sanduku linunuliwe.

Natutwae Tiger wa Tunisia, kwa kuwa habari zake zajulikana sana. Wajerumani walianza kupeleka vifaru hivyo Tunisia mwishoni mwa mwaka 1942. Mwezi wa Aprili 1943 Waingereza walikiteka kimoja chenye nambari 131, na leo kimo katika makumbusho ya vifaru ya Bovington, Uingereza, nacho kingali chaweza kuendeshwa. Kwa hivyo mwenye kujenga kifaru cha Tunisia anayo asili ya kulinganisha nayo. Kifaru chenyewe kilikuwa na uzito wa tani 57 hivi, kikiendeshwa na kupiganishwa na watu watano, na mzinga wake ulikuwa wa milimita 88.

Jambo la pili ni kipimo. Sanduku likiandikwa 1/35, maana yake ni kwamba sentimita 35 za kifaru cha kweli zimefanywa sentimita moja. Tiger, pamoja na mzinga uliotokeza mbele, alikuwa na urefu wa mita 8.45. Gawa kwa 35, utapata sentimita 24. Katika kipimo cha 1/48 utapata sentimita 17 na nusu hivi, na katika 1/72 utapata kama sentimita 12. Hesabu hii ifanywe kabla ya kununua, na rula iwekwe juu ya vipande baada ya kununua. Mwenye meza ndogo au rafu nyembamba asitamani kikubwa. Na mwanafunzi wa kwanza asidhani kuwa kidogo ndicho rahisi, kwani vipande vya 1/72 huwa vidogo hata vikateleza vidoleni na kupotea mkekani. Sisi twaona 1/48 au 1/35 humfaa zaidi.

Jambo la tatu ndilo wengi wakosealo. Tiger alitengenezwa tangu mwaka 1942 hata 1944, naye alibadilishwa mara nyingi katika muda huo. Vita vya Tunisia vilikwisha tarehe 13 Mei 1943. Basi liko neno "Tunisia" juu ya sanduku. Je, na vilivyomo ndani ni vya Tunisia? Tazama alama tatu.

Ya kwanza ni kikuba kilicho juu ya mnara wa mzinga, ambamo amiri wa kifaru huchungulia. Cha vifaru vya Tunisia kilikuwa kirefu, mviringo kama pipa, chenye nyufa za kuchungulia. Kile kifupi chenye vioo pande zote kilikuja katikati ya mwaka 1943, vita vya huko vimekwisha. Ya pili ni magurudumu. Ya mwanzo yalizungushiwa mpira. Yale ya chuma kitupu nje yalianza mwaka 1944. Ya tatu ni mkandiko uitwao zimeriti, uliopakwa juu ya chuma ili mabomu ya sumaku yasigande. Huo ulianza baadaye katika mwaka 1943, baada ya Tunisia. Ukiona sanduku la Tunisia lenye mkandiko huo, au magurudumu ya chuma kitupu, jua kuwa shahidi huyo amesema uongo. Kadhalika ukiona Tiger akipigana El Alamein mwaka 1942, usisadiki. Vifaru hivyo havikuwako. Vita hivyo Wajerumani walivipigana kwa vifaru vingine, vidogo kuliko Tiger.

Ama watengenezaji, wako wengi. Tamiya ya Shizuoka, Japani, ndiyo iliyokieneza kipimo cha 1/35, kwa kifaru chake cha Panther iliyokitoa katika miaka ya mwanzo ya 1960. Panther huyo alikuwa na mota, na mwili wake ulifanywa kwa kadiri ya kuingia mota na betri. Masanduku mengi ya zamani yalifuata njia hiyo. Ndiyo maana ukiona matundu ya mota chini ya mwili wa kifaru, ujue kuwa aghlabu kalibu yake ni kongwe, ijapokuwa sanduku ni jipya. Uliza mwaka wa kalibu, wala usiulize mwaka wa sanduku.

Leo Tamiya ina Tiger wa matoleo ya mwanzo, mwenye kikuba cha pipa na magurudumu ya mpira, na vipande vyake huingiana bila ya kushurutishwa. Minyororo yake ni laini, huvishwa mara moja. Huyo twamwusia mwanafunzi. Dragon ya Hong Kong na Rye Field Model wana vifaru vyenye vipande vingi zaidi, na vingine vina injini na viti ndani, na minyororo ya pingu moja moja. Tiger alikuwa na pingu 96 killa upande. Basi fikiri kazi ya kusafisha na kuunganisha pingu 192 kabla hujafika kwenye rangi! Wingi wa vipande si wema wa sanduku. Sanduku jema ni lile utakaloweza kulimaliza.

Kifaru ni chuma kisicho na roho, na mfano wake hauna neno. Lakini masanduku mengi yana visanamu vya askari, na maulamaa wana maneno marefu juu ya sanamu. Mwenye shaka na aviache visikatwe. Kifaru hakitapungukiwa kitu.

Nanyi wazazi, kisu cha kazi hii ni kikali, na mvuke wa gundi yake wadhuru. Dirisha liwe wazi, na mtoto mdogo asiachwe peke yake.

Limebaki moja, nalo ni kubwa kuliko yote tuliyoyataja. Tumesema kuwa mfano ni shahidi, basi ushahidi wake usiishie kwenye magurudumu. Tiger alikuwa chombo cha serikali ya Hitler, iliyoua Mayahudi mamilioni na kuwaua watu wengine wengi wasio na hatia. Tunisia ilikuwa chini ya Wafaransa. Watu wake hawakuulizwa kama wataka vita, nayo miji ya Bizerte na Sfax ilivunjwa kwa mabomu ya ndege. Katika jangwa la magharibi ya Misri mabomu yaliyofukiwa katika vita vile yangali ardhini, na mchungaji huyakanyaga ambaye hata baba yake hakuwa amezaliwa.

Ewe kijana, ukimaliza kifaru chako kiandikie kadi ndogo: jina lake, mwaka, mahali, na nani walioumia. Mgeni akikuuliza, umweleze yote mawili, jinsi kilivyoundwa na jinsi kilivyotumika. Hapo fedha ya baba itakuwa imenunua elimu.

Wa billahi tawfiq.