Siri ya mgonjwa si mali ya serikali

Mgonjwa anayeogopa kuandikwa jina hafiki kliniki. Hapa Voi wapo akina mama wanaopanda matatu hadi Mombasa kuchukua dawa za Ukimwi ili jirani asiwaone. Je, watajificha wapi ikiwa anayewatazama ni serikali?

Si hofu ya bure. Februari 2015, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza makamishna wa kaunti wakusanye habari za watoto wa shule na akina mama wajawazito wenye virusi. Desemba 2016, Mahakama Kuu iliamua kwamba agizo hilo lilikiuka haki yao ya faragha.

Orodha ile ilihitaji fomu na watu wa kuzijaza. Leo SHA humtambua mgonjwa kwa alama za vidole, na kompyuta zenye akili bandia zaweza kuunganisha rekodi za Wundanyi na Taveta kwa dakika chache.

Msomaji, bima ina faida, jisajili. Lakini sheria ya 2019 ya kulinda data inakupa haki ya kujua habari zako zitatumiwaje. Uliza kabla ya kuweka kidole. Nasi madaktari tusimkabidhi ofisa yeyote majina ya wagonjwa bila idhini yao au amri ya korti.